Kuchagua Zirotani kwa Bajeti Ndogo: Mafunzo ya Misimu ya Kukata Nyasi

Zirotani ni mashine ya kukata nyasi ya kukalia ambayo hugeuka papo hapo iliposimama. Kwa kawaida haina usukani. Mwendeshaji hushika mikono miwili ya chuma, wa kulia na wa kushoto, na kila mkono huamuru gurudumu moja la nyuma. Mikono yote ikisukumwa sawasawa, mashine huenda mbele. Ikivutwa, hurudi nyuma. Mmoja ukisukumwa na mwingine ukivutwa, gurudumu moja huenda mbele na jingine nyuma, na mashine huzunguka bila kutoka mahali pake. Magurudumu madogo ya mbele hayaongozi wala hayafungi breki. Hufuata tu yanakopelekwa.

Faida yake huonekana penye vizuizi. Uwanja wenye miti, makaburi na vitanda vya maua humlazimu mwenye trekta dogo la bustani kwenda mbele na kurudi nyuma kila mara, na bado huacha duara la nyasi kuzunguka kila shina. Zirotani hulifuata shina kwa karibu na kulimaliza kwa mzunguko mmoja. Kwa anayelipwa kwa uwanja na si kwa saa, riziki iko hapo.

Mashine hii ilizaliwa katikati ya Marekani. Mwaka 1949, Max Swisher wa Warrensburg, Missouri, alitengeneza mashine ya kukata nyasi iliyoweza kugeuka mahali pamoja. Mwaka 1963, John Regier wa Kansas alibuni ile iliyotoa umbo linalojulikana leo, yenye mwendo wa peke yake kwa kila gurudumu la nyuma. Haki zake zilichukuliwa na Excel Industries ya Hesston, Kansas, iliyoiuza kwa jina la Hustler. Kwa miaka mingi zirotani ilikuwa zana ya wakandarasi, na bei yake ilikuwa ya wakandarasi. Baadaye watengenezaji walianza kuunda za bei ya chini kwa ajili ya wenye nyumba. Tangu hapo kuna koo mbili za mashine zinazofanana kwa umbo, rangi na hata jina la kampuni, lakini zenye matumbo tofauti kabisa. Mnunuzi mwenye fedha kidogo anahitaji kuzijua koo hizi kabla ya kutazama bei.

Mafunzo yaliyo humu yametokana na misimu ambayo mwandishi alikata nyasi katika viunga vya Kansas City, akiwa na wenzake waliotoka Kongo na Kenya. Walikata nyasi za nyumba, za makanisa na za makaburi madogo ya pembezoni, na kila mashine iliyopita mikononi mwao ilinunuliwa kwa fedha za kuhesabu. Funzo kuu ni moja: fedha ndogo zinunue kwanza vitu ambavyo haviwezi kuongezwa baadaye, yaani fremu, giaboksi zinazozungusha magurudumu ya nyuma, na deki inayobeba visu. Kiti kizuri kinaweza kufungwa mwaka ujao, na tairi na betri vilevile. Giaboksi dhaifu haigeuki kuwa imara, na kuzibadilisha zote mbili, ya kulia na ya kushoto, huweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima.

Uwanja kabla ya mashine

Uchaguzi huanzia shambani, kwa futi ya kupimia. Upana wa deki, lile sanduku la chuma linalofunika visu, hutajwa kwa inchi: 42, 48, 52, 54, 60 na kuendelea. Wauzaji husifu upana, na mnunuzi huamini kwamba deki pana ndiyo itakayomwokolea muda. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Deki ya inchi 42 ina upana wa karibu mita 1.07. Ikienda kilomita 8 kwa saa, na sehemu ya tano ya muda ikipotea kwenye kona na kwenye kupandanisha mistari, hukata karibu mita za mraba 6,800 kwa saa, sawa na eka 1.7. Deki ya inchi 60 kwa mwendo huohuo hukata karibu eka 2.4. Katika uwanja wa nusu eka, tofauti kati ya hizo mbili haifiki hata dakika 6. Katika eka 5, inafikia karibu dakika 50. Mwenye nusu eka anayelipa maelfu ya dola kwa ajili ya inchi 18 za ziada hununua kitu ambacho uwanja wake hauwezi kumrudishia.

Upana una gharama nyingine. Deki pana juu ya ardhi yenye matuta hunyoa vilele na kuacha mabonde, na madoa ya udongo hubaki wazi baada ya kukata. Halafu kuna malango. Nyumba nyingi za viungani zina uzio nyuma, na mashine ya inchi 48 haipiti lango la inchi 48, kwa sababu mdomo wa plastiki wa kutolea nyasi hutokeza pembeni na deki yenyewe huwa pana kidogo kuliko namba yake. Anayekata kwa biashara apime malango ya wateja wake wote, achukue lile jembamba kuliko yote, kisha atafute upana halisi wa mashine mdomo ukiwa umeinuliwa.

Mteremko ndio kipimo kisicho na mjadala. Vitabu vingi vya watengenezaji hukataza kupanda miteremko inayozidi nyuzi 15, na vingine huishia nyuzi 10. Sababu iko kwenye umbo la mashine: kuongoza na kusimama hutegemea magurudumu ya nyuma peke yake. Yakiteleza kwenye nyasi zenye umande, mwendeshaji hupoteza uongozi na breki kwa wakati mmoja. Kupima ni rahisi. Ubao wa mita 1 huwekwa juu ya mteremko, ncha moja ikigusa ardhi na ubao ukiwa umelala sawa kwa pima maji, kisha hupimwa kimo kutoka ncha ya pili hadi chini. Sentimita 18 ni karibu nyuzi 10; sentimita 27 ni karibu nyuzi 15. Uwanja unaozidi hapo, au wenye bwawa au ukuta wa kushuka chini ya mteremko, si wa zirotani hata kama fedha zipo. Mashine yenye upau wa kinga nyuma ya kiti iendeshwe upau ukiwa umesimama na mkanda wa kiti ukiwa umefungwa.

Giaboksi

Kila gurudumu la nyuma huzungushwa na mota inayosukumwa na mafuta kutoka kwenye pampu. Katika mashine nyingi, pampu na mota hukaa katika nyumba moja, na mafundi huiita giaboksi. Nyingi zinazotumika Marekani hutoka Hydro-Gear ya Sullivan, Illinois, na namba zake hupanda kadiri uwezo unavyopanda. Zile za chini, zinazofungwa kwenye mashine za bei ya mwanzo, zimeundwa kwa kazi nyepesi ya nyumbani. Kuanzia ZT-2800 na ZT-3100 kwenda juu, giaboksi huwa na filta ya nje. Mafuta na filta hubadilishwa mara ya kwanza baada ya saa 75 hadi 100, kisha kila saa 400.

Filta hiyo ni ishara ndogo yenye maana kubwa, kwa sababu humwambia mnunuzi kwamba mtengenezaji alitarajia kifaa kihudumiwe na kidumu. Giaboksi nyepesi ikifanyishwa kazi ngumu, kwa kupanda mteremko, kuvuta kigari au kukata kutwa nzima, hupata joto. Mafuta yakipata joto huwa mepesi, na mengi hupenya ndani kwa ndani badala ya kusukuma mota. Mashine iliyoanza asubuhi ikiwa na nguvu huanza kusita kwenye mteremko uleule baada ya saa moja. Kwa uwanja tambarare wa nusu eka hilo halitokei, na giaboksi ya chini hutosha miaka mingi. Kwa anayetaka kukata nyasi za watu watano kwa siku, ZT-3100 au inayolingana nayo ndiyo iwe sakafu yake, hata kama itambidi aache kiti cha starehe na taa za mbele.

Deki na mihimili ya visu

Deki hutengenezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni bati moja linalobanwa kwa shinikizo hadi lipate umbo. Ni jepesi na hukata vizuri likiwa jipya. Ya pili ni vipande vya chuma vilivyochomelewa. Unene hutajwa kwa geji, na namba ndogo ndiyo chuma kinene: geji 13 ni karibu milimita 2.3, geji 11 ni karibu milimita 3, geji 10 ni karibu milimita 3.4, na geji 7 ni karibu milimita 4.6. Bati la geji 12 au 13 linatosha uwanja safi wa nyumbani. Penye mizizi iliyotokeza, mawe na vipande vya zege vilivyosahaulika na wajenzi, deki ya kuchomelea ya geji 10 au 11 hujilipa yenyewe.

Chini ya deki, kila kisu hushikwa na mhimili wenye beringi. Mihimili ya bei ya chini huwa na nyumba ya alumini nyembamba na beringi zilizozibwa, ambazo zikichakaa hutupwa. Iliyo bora ina nyumba nzito na nipo, yaani kitundu cha kutilia grisi. Mnunuzi apige magoti, atazame zilipo nipo hizo, na ajiulize kama zinafikika bila kufungua vifuniko vyote. Nipo isiyofikika haitiwi grisi, na beringi kavu huanza kulia katikati ya msimu, wakati ambapo maduka yote yana foleni.

Injini

Wanunuzi wengi huanza na injini, na hasa na namba ya nguvu ya farasi. Inapaswa kuja ya tatu. Viwango vya usalama vya Marekani huweka kikomo cha kasi ya ncha ya kisu: futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu mita 96 kwa sekunde. Kwa hiyo injini kubwa haizungushi visu kwa kasi zaidi ya hapo. Kazi yake ni kuizuia kasi hiyo isishuke pale nyasi zinapokuwa nzito. Katika eneo la Kansas City, nyasi aina ya feskyu hukua kwa nguvu Aprili na Mei, hupumzika kwenye joto la Julai na Agosti, kisha huamka tena Septemba. Mashine ambayo haizidiwi mwezi Mei haitazidiwa mwezi mwingine wowote, na kwa deki ya inchi 42 hadi 48 nguvu za farasi 18 hadi 22 hutosha.

Muhimu zaidi ni daraja la injini. Kawasaki, kwa mfano, ambayo ina kiwanda cha injini hizi Maryville, Missouri, hutoa FR kwa mashine za nyumbani, FS kwa kazi ya kati na FX kwa wakandarasi. Briggs & Stratton nayo ina madaraja yake, na vivyo hivyo injini zinazojulikana kwa jina la Kohler. Namba ya nguvu inaweza kuwa ileile kwenye injini za madaraja mawili, huku chujio la hewa na mfumo wa kupoza vikitofautiana sana. Herufi za daraja husomwa kwenye kibandiko cha injini, si kwenye tangazo la duka.

Mpya au iliyotumika

Katika maduka ya Marekani, zirotani mpya ya nyumbani huanzia takriban dola 3,000. Za kati hucheza kati ya dola 4,500 na 7,000, na za wakandarasi hupita dola 8,000 na kufika 15,000 au zaidi. Mwenye dola 4,000 basi ana njia mbili: mashine mpya ya ukoo wa nyumbani, au iliyotumika ya ukoo wa wakandarasi.

Njia ya kwanza inamfaa asiyejua ufundi, mwenye uwanja wake mwenyewe tu. Anapata dhamana, na saa zake ni chache: mwenye eka moja mara nyingi hutumia kati ya saa 20 na 40 kwa msimu. Anayekata kwa malipo asome dhamana hiyo kwa makini, kwani kwa kawaida hupunguzwa sana au hufutika kabisa mashine ya nyumbani ikitumika kibiashara. Kwake njia ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi, mradi anajua kukagua.

Ukaguzi huanza injini ikiwa baridi. Jumamosi moja mwandishi alikwenda kutazama mashine ya mkandarasi aliyekuwa anafunga kazi. Aliongozana na mwenzake kutoka Bukavu, aliyekuwa fundi wa pikipiki kabla ya kuhamia Marekani. Mashine ilikuwa imeoshwa na kung'arishwa, na muuzaji alikuwa mkarimu. Fundi hakusema neno hadi alipopitisha kiganja juu ya ekzosi. "Kaka, hii imeshawashwa leo," alisema. Muuzaji akakubali. Wakakaa kivulini hadi chuma kikapoa, kisha wakaiwasha wao. Ilikataa mara kadhaa, ikawaka kwa moshi wa buluu uliodumu. Moshi huo ni mafuta yanayoungua ndani ya silinda, na injini ya moto ingeuficha. Bei ilishuka palepale, na hata hivyo waliiacha.

Baada ya kuwasha, mashine huendeshwa kwa muda wa kutosha mafuta ya giaboksi yapate joto, kisha hupandishwa mteremko wa wastani. Ikisita, au ikivuta upande mmoja wakati mikono iko sawa, giaboksi moja imechoka au marekebisho yamelegea. Yanayolegea hurekebishwa kwa spana. Yaliyochoka hayarekebishwi kwa bei ndogo. Halafu injini huzimwa, ufunguo hutolewa na nyaya za plagi huchomolewa. Ndipo deki inapoinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye vigingi. Kila kisu hushikwa kwa glavu na kutikiswa juu na chini. Kikicheza, beringi zimekwisha. Ukingo wa deki huguswa kuona kama kutu imeula, na viungo vya kuchomelea hutazamwa kwa tochi, kwa sababu rangi mpya mahali pamoja huweza kuwa inaficha ufa.

Mita ya saa husomwa pamoja na umri. Mkandarasi huweza kupitisha saa 500 kwa msimu mmoja, hivyo saa 1,000 kwenye mashine ya ukoo wa kazi si uzee, iwapo kuna kumbukumbu za kubadilisha mafuta. Saa 300 kwenye mashine ya nyumbani iliyokata kwa biashara bila kumbukumbu zinaweza kuwa mwisho wake. Daftari chafu lenye tarehe na saa za huduma lina thamani kuliko rangi inayong'aa.

Vipuri na gharama zisizoandikwa kwenye bei

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende kwa wakala wa vipuri aliye karibu akiwa na namba ya modeli, aulize vitu vitatu: mkanda wa deki, visu na filta. Vikiwa rafuni, mashine hiyo ina makao. Vikihitaji kuagizwa, kila mkanda utakaokatika mwezi Mei utasimamisha kazi kwa siku kadhaa, na mteja hangoji. Maduka makubwa ya vifaa huuza mashine, lakini matengenezo mara nyingi huyapeleka kwa wakala wa nje. Jina la wakala huyo liulizwe kabla ya kununua.

Bajeti itenge pia fedha za kinga ya masikio, visu vya akiba, mafuta, na kwa wafanyabiashara trela, mbao za kupandishia na minyororo ya kufungia. Aliyemaliza akiba yote kwenye mashine hubaki nayo uani bila namna ya kuifikisha kwa mteja.

Wakati wa kununua nao una bei yake. Machi na Aprili kila mtu anataka mashine. Oktoba hadi Desemba, nyasi zikilala, wauzaji wa zilizotumika hawataki kuzihifadhi wakati wa baridi, na maduka hupunguza masalia ya msimu. Mwenye subira na pesa taslimu hupata wakati huo daraja ambalo lingemshinda majira ya kuchipua.

Mashine za betri zinaongezeka, na California ilipitisha kanuni za kukomesha uuzaji wa mashine nyingi mpya za bustani zinazochoma mafuta, kuanzia za mwaka 2024. Kwa uwanja mmoja wa nyumbani betri huondoa kazi ya mafuta, filta na kabureta. Kwa anayekata kutwa, gharama ya betri za kutosha siku nzima bado huipandisha bei juu ya bajeti inayozungumziwa hapa.

Baada ya kununua

Mashine iliyochaguliwa vizuri hudumu kwa kutunzwa. Mafuta ya injini hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa kitabuni, mara nyingi kila saa 50 au 100, huku yale ya kwanza yakitolewa mapema. Chujio la hewa husafishwa mara nyingi zaidi penye vumbi. Visu hunolewa kabla nyasi hazijaanza kuchanika na kugeuka kahawia kwenye ncha, na kila kikinolewa husawazishwa, kwa sababu kisu kizito upande mmoja huua beringi. Nyasi zilizoganda chini ya deki hukwanguliwa, maana hushika unyevu na kuita kutu. Petroli isizidi asilimia 10 ya ethanoli, na tangi halilali majira ya baridi na mafuta yasiyotiwa dawa ya kuyahifadhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye zirotani ukuta huo ni giaboksi mpya.

Kila huduma iandikwe tarehe na saa za mita. Siku ya kuuza, kumbukumbu hizo humpa mnunuzi afuataye sababu ya kulipa vizuri, na fedha hiyo ndiyo huwa msingi wa mashine ya daraja la juu zaidi. Kwa njia hiyo wenzake kadhaa wa mwandishi walipanda kutoka mashine ya nyumbani hadi ya kazi bila kukopa.